Nyumba Ilibadilika, Moto Ukabaki: Jiko, Mabati na Baridi ya Julai

Kila Julai kuna ile habari. Watu wawili, watatu, wakati mwingine familia nzima, wamepatikana asubuhi wamefariki ndani ya nyumba. Mlango umefungwa kutoka ndani, jiko liko katikati ya chumba, makaa yamebaki jivu. Na kila Julai kuna wale wasee wa "ujinga unaua" na "kwani hawakuenda shule?" Wanaandika hivyo wakiwa wamejifunika duveti, simu iko chaji, baridi wanaiona kwa dirisha tu.

Hiyo story ya ujinga ndiyo nataka tuongelee, juu kwangu si kweli. Wale watu walifanya kitu ambacho wazee wao walifanya vizazi na vizazi kwenye hizi nyanda za juu: walilala na moto ndani ya nyumba. Nyanya yako alilala hivyo. Nyanya yake pia. Na waliamka. Swali la maana ni nini kilibadilika kati ya nyanya na bedsita ya Githurai. Nikianza kufuatilia hiyo kitu nilijipata kwenye historia ya reli, ya mabati, ya bei ya mafuta ya taa, na ya jiko ambalo dunia nzima ilikuja kulisifu.

Tuanze na baridi yenyewe, juu kuna watu wa Pwani na wageni wanaodhani Kenya haina baridi. Jina Nairobi linatoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Mji uko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko zaidi ya mita 2,000. Juni mpaka Agosti jua limehamia kaskazini, upepo unatoka kusini mashariki, na mawingu yanaketi juu ya mji kama mfuniko mchana kutwa. Kipimajoto kinaweza kusema digrii 11 au 12 usiku, na mtu wa Ulaya akacheka. Lakini huyo wa Ulaya ana nyumba iliyojengwa kwa ajili ya baridi. Sisi tuna kuta za mawe bila kitu ndani, sakafu ya simiti, na digrii zilizo nje ndizo hizo hizo zilizo kitandani.

Sasa angalia nyumba ya zamani. Nitatumia ya Wakikuyu juu ndiyo imeandikwa sana, lakini majirani wengi wa huku juu walikuwa na mbinu za kukaribiana. Nyumba ya mama ilikuwa ya duara, kuta za mbao na udongo, paa la nyasi nene. Moto ulikuwa katikati, mawe matatu. Vitanda vilipangwa kuuzunguka. Kulikuwa na mahali pa mbuzi ndani humo humo, na usidharau mbuzi: mnyama mwenye joto lake akilala mita mbili kutoka kwako ni hita isiyolipiwa tokeni. Jomo Kenyatta kwenye kitabu chake Facing Mount Kenya, cha 1938, ameeleza jinsi nyumba ilivyotakiwa kumalizwa kwa siku moja na moto kuwashwa humo kabla ya watu kulala. Nyumba bila moto haikuwa nyumba.

Moshi ulitoka wapi? Ulipita kwenye nyasi. Paa lote lilikuwa linapumua. Ukiangalia nyumba kama hiyo asubuhi ukiwa mbali, unaona moshi unafuka kwa paa zima kama nguo iliyoanikwa. Ukipita, ule moshi ulifukuza wadudu na kukausha nyasi ili zisioze. Na kama kuni zimekaba, macho yanawasha, unakohoa, mtu anaamka anafungua mlango.

Sitaki kuipamba hiyo maisha. Moshi wa kuni uliharibu mapafu na macho ya kina mama wengi, na bado unaharibu. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya moto wa nyumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Lakini ule moshi ulikuwa na kazi moja ambayo hatukuithamini. Ulikuwa kengele. Ulikuambia hewa imeharibika kabla haijakuua.

Hiyo nyumba haikupotea kwa sababu watu waliichoka tu. Kuanzia Juni 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha Wakikuyu kutoka kwenye mashamba yao na kuwarundika kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa, kwenye vijiji zaidi ya 800. Wengi walioamrishwa kujenga upya haraka walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Fikiria kujenga nyumba Julai, Nyeri, chini ya bunduki. Hii sehemu huwa tunaisoma kama siasa peke yake, lakini kuna watu walihisi hiyo historia kwa miguu, usiku, ikiwa baridi.

Baada ya uhuru yakaja mabati, na hapa story inakuwa tamu. Miaka ya 60 na 70, wanawake wa Mkoa wa Kati walianzisha vikundi vya kuchanga pesa ili kila mwanachama aezekewe nyumba kwa zamu. Watu walivipa jina hilo hilo, vikundi vya mabati. Mwezi huu nyumba ya huyu, mwezi ujao ya yule. Hawakungoja serikali. Bati halioozi, halishiki moto, na linakupa maji ya mvua moja kwa moja kwa pipa, kumaanisha mama hatembei mtoni. Ukitaka kujua kwa nini nyanya yako anaongea kuhusu mabati kama mtu anayeongea kuhusu shahada, ni hiyo.

Lakini bati lina tabia yake. Mchana linachoma, usiku linatoa joto lote linarudi angani. Alfajiri linatonesha maji ya pumzi zenu wenyewe. Paa la nyasi lilikuwa blanketi; bati ni sahani. Kwa hivyo watu wakaanza kuweka dari ya gunia, ya katoni, ya magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa unga. Kila tundu likazibwa. Na jikoni kukatengwa, kando, nje. Kijijini hiyo ilisaidia: moto ukabaki kwa jikoni, watu wakaotea huko mpaka saa ya kulala, halafu wakakimbia kitandani.

Mjini hakukuwa na jikoni ya kando.

Reli ilifika hapa mwaka wa 1899, na mji ukakua ukiwa na wazo moja kuhusu Mwafrika: ni mwanamume, yuko peke yake, amekuja kufanya kazi, atarudi kwao. Kwa hivyo alijengewa chumba, ama alipewa nafasi ya kitanda. Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, nyumba za reli. Familia haikuwa kwenye hesabu. Wakati huo huo, kule Muthaiga, Karen na Limuru, nyumba za walowezi zilikuwa na mahali pa moto penye bomba la kutolea moshi mpaka juu ya paa. Ukipita hizo mitaa leo utaona mabomba bado yamesimama. Nairobi moja, baridi moja, ila upande mmoja mchoraji wa nyumba alikumbuka Julai na upande wa pili hakukumbuka. Mpaka leo sijui landilodi wa Roysambu ambaye amewahi kukumbuka.

Kwa chumba kimoja huwezi kuwasha kuni. Jirani atakupigia kelele, ukuta utakuwa mweusi, na kuni zenyewe utazitoa wapi? Ndiyo maana mji ulipenda makaa. Kilo moja ya makaa ina nguvu karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni, ni mepesi kubeba, na hayana moshi wa kuonekana. Jiko la bati la kubebeka, historia nyingi zinalihusisha na vibarua kutoka India, wale zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli. Likaingia mikononi mwa mafundi wa hapa, wakalitengeneza kwa mapipa na vyuma vikuukuu, na mpaka leo ukipita Gikomba au Shauri Moyo unasikia nyundo kabla hujaona watu.

Lile jiko la bati lilikula makaa vibaya. Joto lote lilikuwa linatoka kwa mbavu. Halafu mafuta yakapanda bei duniani mwaka wa 1973, yakapanda tena 1979, na miti ikawa inaisha. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mbadala hapa hapa Nairobi. Kwenye miaka hiyo ndipo likazaliwa jiko ambalo nyote mnalijua hata kama hamlijui jina: lile lenye kiuno, juu pana, chini pana, na ndani udongo uliochomwa. Wazo la udongo lilitoka Thailand, kwa majiko yao ya ndoo. Watu wa hapa, na jina linalotajwa sana ni Maxwell Kinyanjui, wakalibadilisha mpaka likafaa sufuria yetu, ugali wetu na nyundo ya fundi wetu. Lilipunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Kufikia katikati ya miaka ya 90 lilikuwa kwenye nusu ya nyumba za mjini hivi, na nchi zingine za Afrika zikaliiga. Mimi hii naiona kama moja ya uvumbuzi wetu mkubwa, mbele ya programu nyingi za simu ambazo watu hupewa tuzo. Haikuwa na hati miliki ya kuwafungia mafundi. Kila fundi alinakili.

Lakini lilibuniwa kwa kupika. Udongo unashika joto, makaa yanakaa masaa mengi, na hiyo ndiyo sifa yake. Sasa lichukue hilo jiko bora, ukishamaliza kupika liweke katikati ya chumba cha mita tatu kwa tatu, funga dirisha la kioo, sukuma nguo kuukuu chini ya mlango. Ile sifa imegeuka.

Kinachotokea ni hiki. Makaa ni kaboni. Yakipata hewa ya kutosha yanatoa kaboni dayoksaidi. Hewa ikipungua, yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Umewahi kuona ile miali ya buluu inacheza juu ya makaa? Ile ni kaboni monoksaidi inaungua, inaisha. Miali ikiisha, makaa yakabaki mekundu, matulivu, yenye jivu, gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Yaani ule wakati sisi huita "makaa yamekolea, sasa ingiza ndani" ndio wakati mbaya. Ukiingia kwa damu inashikana na ile protini inayobeba oksijeni, inashikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Unaumwa kichwa, unalegea, unasikia kichefuchefu, unadhani ni homa ama uchovu wa kazi. Na dawa ya uchovu ni gani? Kulala.

Kwa hivyo hesabu imekuwa hivi: tulitoka kwa moto wenye moshi ndani ya nyumba inayopumua, tukaingia kwa moto usio na moshi ndani ya nyumba isiyopumua. Kengele ikatolewa na madirisha yakafungwa karibu wakati mmoja, na hakuna aliyekuja kuambia watu. Shule ilifunza kwamba moshi ni mbaya. Mtu akiona makaa hayana moshi, amefuata somo lake vizuri kabisa.

Na kama bado unadhani ni mambo ya masikini ama ya wasiosoma: Septemba 1902 huko Paris alikufa Émile Zola, mwandishi maarufu kuliko wengi wa wakati wake, usiku, chumbani kwake, kwa hiyo hiyo gesi. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limeziba. Mkewe aliponea. Miaka michache kabla ya hapo, mwanasayansi Mskoti, John Scott Haldane, alikuwa amechunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe na akapendekeza washuke na wanyama wadogo, panya na ndege, ili ndege akianguka watu watoke mbio. Wachimbaji walipewa ndege. Zola hakuwa na ndege, na sisi pia hatuna.

Kitu kingine hakisemwi kwa zile habari za Julai ni pesa. Watu hawachagui makaa kwa sababu wanayapenda. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, eti kuzuia walaghai kuyachanganya na dizeli. Mwaka huo huo, Februari, ukataji miti kwenye misitu ya umma ulisimamishwa, makaa yakaadimika. Gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya VAT 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa mpaka 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Ukiwa na mshahara wa wiki huwezi kupanga maisha kwa kitu kinachopanda na kushuka hivyo. Makaa unanunua ya mkebe mmoja. Gesi huwezi kuambia mwenye duka akupimie ya jioni moja, ingawa siku hizi kuna wanaojaribu hiyo biashara. Kwa hivyo mtu akinunua makaa ya chakula cha jioni na akaona bado yana joto la bure, kuyamwaga nje ni kama kumwaga pesa. Mimi naelewa kabisa.

Lakini yamwage, ama yaache nje kabisa, yafunike, utayatumia kesho. Hakuna njia ya katikati, na nimesikia zote. Sufuria ya maji juu ya jiko haifanyi kitu, hiyo gesi haiingii kwa maji. Kufunika na jivu kunaongeza. Kuliweka chini ama juu ya meza ni sawa tu, gesi hiyo ina uzito karibu sawa na hewa, inajaa kila mahali. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja si bomba la moshi. Na meko ya gesi si hita pia, usiyaache yakiwaka ulale. Kama mtu ameanza kuumwa kichwa na jiko liko ndani, mnatoka wote nje kwanza, hata kama ni saa nane usiku na kuna mvua, maswali baadaye. Aliyezirai anavutwa nje na kupelekwa hospitali hata akiamka.

Sasa joto litatoka wapi? Hapa historia inasaidia, juu wazee hawakutegemea moto peke yake. Walipasha mwili, hawakupasha chumba. Chumba ni kikubwa, mwili ni mdogo, na hiyo tofauti ndiyo bei. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tano inakula uniti 10 za stima, zidisha na bei yako ya tokeni ulie. Kuchemsha lita mbili za maji kwa birika ya stima ni chini ya robo ya uniti. Yaweke yapoe kidogo, mimina kwa chupa ya mpira ya maji moto, ile inauzwa supamaketi, ifunge na fulana, iweke miguuni dakika 15 kabla hujaingia kitandani. Ile chupa si kitu kipya, Slavoljub Penkala wa Zagreb aliipatia hati miliki 1903. Chupa ya soda usiijaze maji yanayochemka, itajikunja na ikuchome.

Halafu chini. Watu huweka blanketi tatu juu na kusahau kwamba godoro jembamba juu ya simiti linakunyonya joto usiku mzima. Katoni chini ya godoro, ama mkeka, ama lile blanketi la tatu, inafanya kazi kuliko kuongeza juu. Kapeti kwa sakafu. Pazia nzito ambalo unalifunga saa kumi na mbili kabla joto la mchana halijatoka, na asubuhi unalifungua. Soksi na kofia. Na kama una mabati bila dari, hata ile dari ya katoni ya nyanya bado ni akili nzuri, mradi isikaribie moto wala nyaya za stima.

Nguo ndizo rahisi kuliko vyote, na hiyo nayo tunadaiwa na historia. Tangu biashara ya mitumba ifunguliwe miaka ya 90, jaketi za msimu wa baridi wa Ulaya na Marekani zimekuwa zikimwagwa Gikomba kwa marobota. Kuna jaketi za manyoya ya bata zilizoshonwa kwa ajili ya theluji, zinauzwa bei ya kuku wa kienyeji, kwa sababu kwa mnunuzi wa Nairobi zinaonekana kubwa na za kuchekesha. Nenda Aprili ama Mei, kabla baridi haijashika. Julai kila mtu amekumbuka, bei imepanda, na utabargain mpaka meno yagongane.

Kitu cha mwisho nimekiona nikitembea kwa zile nyumba za zamani za Eastlands ni vile vitundu vidogo kwenye ukuta, karibu na dari, vimewekewa matofali yenye matundu. Wapangaji wengi wameviziba na gazeti juu ya baridi na mbu. Kwa nyumba mpya za vioo vya kuteleza, nyingi hazina kabisa. Ukienda kuangalia nyumba ya kukodi wiki hii, kabla hujauliza maji yanakuja siku gani, inua kichwa uangalie kama vipo. Kama vipo na vimezibwa, toa hilo gazeti, weka wavu wa mbu, halafu ongeza soksi.